Mlango Ulio Juu

Nilikuja na daftari. Nimeandika humo
karne, vita, majina ya wafalme,
kwa wino mweusi, na kwa mwekundu yale ya lazima,
maana mwanangu Tekle ni mtoto wa Tbilisi,
wa lifti na ngazi za umeme,
nami niliapa hatakua akidhani
nchi yake inaishia pale basi linapogeuza.

Kutwa nzima garini. Alitapika mara mbili.
Mlima ulipojitokeza, mweupe, mkaidi,
alisema tu: "Mama, nina njaa."

Mwenyeji wetu, Bi Makvala, akatupokea kizingitini:
"Khocha ladegh."
Tekle akanitazama. Nami, mwalimu wa kila kitu,
nikabaki kukodoa macho. Kisvani hakimo daftarini.
"Anasema siku njema," mtoto akaninong'oneza.
"Umejuaje?"
"Ametabasamu, halafu ameshika mkate."

Nyuma ya nyumba, mnara. Jiwe juu ya jiwe,
ghorofa nne, na mbele yake kuku wanaparua.
Nikafungua ukurasa wa kwanza: "Minara hii ilijengwa..."
Lakini Tekle alikwisha kuuzunguka mara tatu,
kiganja ukutani, kama atafutaye mapigo ya moyo.
"Mlango uko wapi?"
"Kule," Makvala akaonyesha,
kimo cha watu wawili juu ya nyasi.
"Ngazi ilivutwa ndani. Kisasi hakijui kupanda bila ngazi."
"Na maji?"
"Maji gani?"
"Ya waliojifungia. Nani aliwaletea?"

Nikapekua daftari.
Karne ipo. Wafalme wapo.
Maji hayapo.

Makvala akakaa, akabana kinu kwa magoti:
chumvi, kitunguu saumu, giligilani, uwatu.
"Nyumba hii husimulia," alisema, na mchi haukutulia,
"kwamba kiangazi kimoja walikaa mle siku kumi na tisa,
na kila usiku ndoo ilishuka kwa kamba, ikapanda imejaa.
Aliyeijaza alikuwa msichana wa kule,"
akanyoosha mchi ng'ambo ya mto,
"nyumba ya adui.
Wazee wangu hawakulitaja jina lake, asije akadhurika.
Wakalificha, wakalificha,
mpaka wao wenyewe wakalipoteza."

Tekle akaomba mchi.
Alitwanga ovyo; chumvi ikaruka, ikamwingia jichoni,
akalia, akacheka, akatwanga tena.
Nikaliweka daftari majanini
nikashika kinu kisiyumbe.

Usiku, chini ya blanketi linalonuka kondoo,
nilisikia mkwaruzo wa kalamu.
Asubuhi nikaona: penye orodha yangu,
kati ya mfalme na mfalme,
amechomeka mstari kwa ule wino mwekundu:

Msichana wa ndoo. Jina: kuuliza ng'ambo.

Viatu vyake havikuwapo mlangoni.
Nikatoka mbio kuelekea darajani,
vidole vyangu bado vinanuka kitunguu saumu.