Zamu

Jumapili, jua likishavuka upande wa Bugando,
natoa viatu vyangu vyote kibarazani.
Jozi sita. Nasema sita taratibu,
kama mtu anayehesabu hela isiyo yake.

Kamba nazivua kwanza, naziloweka
kwenye kikombe kilichovunjika mkono.
Mswaki uliostaafu meno unaingia kwenye mshono
kufukua chenga za mawe ya Mabatini.
Maji kidogo tu. Ngozi si sufuria, alisema mama,
usiisugue mpaka ijute.
Kisha kivulini, maana jua hupasua kiatu
kama linavyopasua kisigino.

Msimu wa wadudu wa ziwa nafunga dirisha.
Wanapanda kutoka majini kama moshi,
wanatua kwenye dawa mbichi na kunasa papo hapo,
Jumatatu unakwenda kazini
na misiba midogo kumi juu ya vidole.

Lakini tulianza na jozi moja.

Mhoja alisoma zamu ya asubuhi, mimi ya mchana.
Saa sita na nusu tulikutana kwenye jiwe,
lile lililoinamia bomba la mama Nyamizi,
yeye akipanda, mimi nikishuka.
Alifika peku, viatu mkononi,
kwani njia ya mawe hula soli
na soli ile ilikuwa na wanafunzi wawili.
"Vina joto," nililalamika kila siku.
"Nimekupashia," alijibu kila siku.

Nilifuta kwa kipande cha shati la baba,
ndani kabla ya nje, ndiyo sheria ya nyumbani:
mwalimu ataona nje,
wewe ndiye utakayekaa ndani.
Nikasokota gazeti, nikaziba mbele,
kurasa mbili nzima za matokeo ya mpira,
nikaenda kusoma jiografia
katika jasho la kaka yangu.

Usiku magadi, kijiko kimoja kila kiatu.
Dawa ikiganda, kopo liliwekwa juu ya mfuniko
wa maharage yanayochemka,
ikalegea, ikang'aa, nyumba nzima ikanuka shule.
Mhoja alipaka. Mimi nilipiga brashi.
Mama hakulala
mpaka aone kibatari kimewaka mara mbili,
mezani na kwenye ncha ya kiatu.

Mwaka wa pili gazeti likapungua.
Ukurasa mmoja. Nusu. Kipande cha kufungia karanga.
Nikajisifu kwamba nakua.
Sikuuliza mguu wa Mhoja
ulikuwa unakulia wapi.

Juzi amekuja kutoka Geita na mabegi mawili
na sauti inayojaza ukumbi.
Viatu ameviacha mlangoni, namba arobaini na nne,
vimekunywa vumbi la barabara yote mpaka kivukoni.
Sikumwambia. Nilisubiri alale,
nikavua kamba, nikafuta ndani, kisha nje,
nikatafuta mwanga kwenye ncha
hadi nikaupata.

Nilipoviingiza sebuleni
alikuwa amejinyoosha kwenye kochi,
shuka limeishia magotini.
Nikasimama, brashi mkononi.
Vidole vyake vya mwisho, kulia na kushoto,
vingali vimejikunja chini ya wenzao,
kama watu wanaompisha mtu
kwenye benchi.