Mbuzi wa Siku Tatu

Tangazo lilipotoka, nalikuwamo jikoni,
Redio ikatamka: vikwazo vyote pembeni!
Kwa thelathini miaka, kisiwa kimo pinguni,
Uji ukanifurika, ukazima moto chini.

Mafunda, nduguye mama, kaolewa nchi ile,
Barua zikasimama, simu zikawa kelele,
Mama alipotuhama, matanga kaweka kule,
Safari ya saa nzima, ikawa ndefu milele.

Nilijaribu kuomba, karani akanicheka:
"Kule, bibi, pana kamba, nani aweza kuruka?"
Picha zangu, kwenye chumba, zikaanza kupauka,
Nywele zikiwa ni pamba, majibu bado kufika.

Nikaenda kwa wakala, pale Barabara Digo,
Pameshajaa mahala, watalii, tele zogo,
Bango: "Kione kabla, hakijaguswa kidogo!"
Nami nawaza chakula, dawa, sindano, mzigo.

Nikapanga sandukuni, dawa zake za sukari,
Sindano za cherehani, miswaki, nyuzi hariri,
Majirani barazani, kila mtu mshauri:
"Wapelekee sabuni!" "La, peleka msumari!"

Ndegeni wenye kamera, walijaa kwa furaha,
Kasema mmoja: "Bora, kingebaki hivi, raha!"
Nikageuzia sura, dirishani kwa karaha:
Shida ya mtu tijara, pambo, kitu cha mzaha?

Nikabisha mlangoni. "Nani?" Sauti ya mama.
"Ni mimi wa Kibokoni, mwana wa Mwanahalima."
Akanishika begani, kama apimaye nyama,
Hakulia asilani, wala mimi sikusema.

La kwanza kaniuliza: "Bomba la chini lavuja?
Na mofa bado wauza, pale pembe kwa Bihija?"
Nikajibu, kanikaza: "Usiruke hata moja."
Sanduku nililojaza, hakulionea haja.

Kanionyesha mgao, kijikaratasi chake,
Wali wa wiki ijayo, kaupika peke yake,
Nikajifanya sinayo, njaa, kwa ajili yake,
Akasema: "Kula huo! Mgeni na haki yake."

Feni yake ya zamani, bawa moja la mkebe,
Saa iko ukutani, akrabu yake wembe.
"Hao huingia ndani, wapige picha ya debe,
Huwatoza, si utani! Kila picha, kilo sembe."

"Wakubwa walikosana, mimi nikanyimwa nyuzi,
Wao walikula sana, sisi tukala viazi,
Leo wanapopatana, nani anilipe chozi?"
Kisha kacheka, kaguna, sindano katunga uzi.

"Wakija na mahoteli, pwani yetu watafunga?
Kwenu, nasikia, Nyali, ufuo una wachunga."
Nikaungama: "Ni kweli." Uongo ningeutunga,
Macho yake ni makali, yangejua nimechonga.

Asubuhi ya kurudi, kaniletea gunia:
"Hiki nilimuahidi, dada kumrudishia."
Mbuzi wa nazi, wa jadi, meno yamejikunjia.
"Siku tatu tu, za Idi, naliomba kutumia."

Nikatua uwanjani, Mombasa, jua li wazi.
"Una nini guniani?" Nami nikajibu: "Mbuzi."
"Mnyama wa ugenini! Na cheti chake, mzazi?"
Nikamlaza mezani, bado anukia nazi.

Yule kijana kacheka: "Huyu hatozwi ushuru!"
Mhuri wake kaweka, kaniambia: "U huru."
Njiani nikakumbuka, sikusema "Nashukuru."
Barua sasa hufika, siku nne, si udhuru.

Usiku namkalia, yamebaki nusu meno,
Yakwaruza, yakilia, kama wenye mapatano.
Mama angechungulia: "Siku tatu? Ndefu mno!"
Kisha angemkalia, akakuna, bila neno.