Honi Mara Moja

Mlinzi wetu, Mzee Mbazi, hana silaha ila kofia.
Akiivaa, Mama Mkurugenzi amekuja vizuri.
Akiivua na kuishika kifuani kama aliye msibani,
tunajua: honi imelia mara moja tu,
ndefu, isiyo na subira,
na kila mtu ofisini anatafuta faili la kushika.

Ukutani, pale mapokezi, tumebandika herufi za buluu:
HAPA SISI NI FAMILIA.
Wageni huzipiga picha. Wafadhili huzipenda.
A ya mwisho imeanza kubanduka,
na Nakiete aliyepanda kuirudisha
aliulizwa mbele ya kikao
nani kamruhusu kukanyaga kiti cha shirika.

Kikao cha Jumatatu huanza kwa sala.
Baada ya amina huanza majina.
“Elinami, ripoti hii umeiandika au umeitapika?”
“Na wewe Ndeshi, mimba si ugonjwa.
Mama yangu alichuma kahawa mpaka siku ya uchungu.”
Tunacheka.
Nisiseme uongo: tunacheka,
kicheko kifupi, cha kulinda kodi ya nyumba,
na Elinami hucheka kuliko sisi sote.

Mshahara wa Machi ulikuja Mei.
Tukaambiwa hii ni kazi ya wito,
na wito hauna tarehe.
Gari lake lilikuwa na matairi mapya,
bado yana vile vinyweleo vya kiwandani.

Alhamisi nikaenda Pasua, faili namba mia mbili kumi na saba.
Mtoto wa kike, miaka tisa, jina nalificha.
Mvua ilikuwa imenyesha, viatu vyangu vimebeba nusu ya njia.
Tukaketi juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa.
Nikamuuliza kama fomu inavyotaka,
sauti chini, kalamu mbali na macho yake:
Unajuaje kwamba baba amerudi na hasira?

Akasema, kwa baiskeli.
Akiiegemeza ukutani, tunakula.
Akiiangusha, mama anazima redio,
mimi namchukua mdogo wangu,
tunaingia nyuma ya magunia ya pumba.

Nikaandika: baiskeli.
Nikaandika: redio.
Kalamu ikasimama kwenye pumba.

Maana mimi pia nina mahali pangu.
Stoo, nyuma ya mablanketi ya msaada
yanayonuka dawa ya mende,
nilipokaa dakika kumi na moja mwezi wa pili
nikihesabu vifungo vya gauni langu,
mwanamke wa miaka arobaini na mmoja,
mwenye shahada ya ustawi wa jamii.

Sehemu ya mwisho, maoni ya afisa:
Hofu imekuwa desturi ya kaya hii.
Wanakaya wamejifunza kusoma dalili badala ya kuzungumza.
Humtetea anayewaumiza, kwa kuwa ndiye anayewalisha.
Inapendekezwa watolewe mapema.

Niliyasoma mara mbili.
Hakuna mahali nilipotaja Pasua.

“Mbona umenyamaza?” mtoto akauliza.
Nikamwambia kalamu imeishiwa wino.
Alijua. Watoto wa nyumba kama ile hujua.
Lakini hakusema kitu, akaingia ndani,
akatoka na penseli fupi kama kidole gumba,
kitako chake kimetafunwa,
akanipa, akasema nisirudishe.

Saa nane nilikuwa langoni.
Mzee Mbazi kasimama,
kofia kifuani, macho kwenye kokoto.
Ndani nikasikia jina la Ndeshi likitajwa kwa nguvu,
kisha kile kicheko chetu.

Daftari la mahudhurio lipo mezani, chini ya familia.
Kanuni ya sita: wino tu.
Nilisaini kwa penseli,
polepole,
bila kukandamiza.