Rangi Isiyo Kwenye Ufunguo

Kwenye ufunguo wa ramani yetu rangi zilikuwa saba.
Njano, watu walale. Nyekundu, watu wauze.
Zambarau ya viwanda, buluu ya shule na zahanati,
kijivu cha barabara, kijani cha bustani ya kupigia picha,
na nyeupe.
Nyeupe ilimaanisha: hapana kitu.

Bonde la nyuma ya Makorora nilikuwa nimeliacha jeupe.
Mimi, Shekilindi, mchoraji wa idara, mwaka wa kumi na tisa ofisini,
nilipita hapo kila asubuhi kwa baiskeli
nikiangalia matope ya gurudumu la mbele tu.

Bi Nyamvula Mbaruku alinisimamisha kwa jembe.
Hakulinyanyua. Alilisimika njiani.
"Wewe ndiye wa vigingi?"
Nikasema mimi ni wa karatasi, wa vigingi ni mwingine.
"Basi wewe ndiye mbaya zaidi. Fungua."

Nikaitandaza juu ya ndoo mbili za samadi.
Akaukuta msikiti, akaikuta mashine ya kusaga,
akaukuta mfereji umekatika ghafla
kama maneno ya mtu aliyeitwa nje.
"Na huku?"
Huku, nikamwambia, ni tupu.

Hakucheka. Alianza kunitembeza.

Mnavu huu aliupanda mume wangu
kabla hajaongeza mke akahamia Pongwe;
yeye kaenda, mnavu umebaki, na ndio wenye faida.
Matembele haya yameshika kingo,
ukiyang'oa, kingo zinakwenda na ukuta wa jirani.
Kile kichuguu ni mboji: maganda ya ndizi na machicha ya nazi ya Mgandini,
zamani yakiziba mitaro,
sasa alfajiri yanafuka kama uji.
Pale hatulimi. Pale pa vyura.
Mwaka tuliopalima, mbu walitutafuna mpaka Idi.
Na mgomba huu unakunywa maji ya bafu za nyumba nne.
Usiwaambie watu wa afya.

"Vuli ile, barabara ya ishirini maji yalifika magotini,
ya kumi na tisa godoro la watu lilitoka mlangoni peke yake.
Kwetu yalikuja, yakakaa siku mbili kama mgeni.
Ya tatu hatukuyapa jembe.
Yalishazama yenyewe."

Kisha akaweka kidole juu ya nyeupe yangu,
kidole chenye tope, akakiacha hapo
muda wa mtu kumeza mate.
"Maji hulala hapa. Mkijenga juu yake, yataamka."

Ofisini mkuu akauliza, doa hili la nini?
Kifutio nilikuwa nacho. Karatasi safi nilikuwa nazo, bunda zima.
Nikachukua rula,
nikaongeza kisanduku cha nane kwenye ufunguo,
nikakipaka chai iliyopoa mpaka kahawia ile ikapatikana,
na mbele yake, kwa herufi za idara, nikaandika:
*shamba la mtaa; maji hulala; vigingi visipite.*

Haijasainiwa.
Iko juu ya kabati, chini ya makadirio ya stendi mpya,
na mimi kila mvua ikinguruma upande wa Amboni
namtazama mkuu, mkuu anatazama dirisha.

Jana mtu kaleta ofisini fungu la mchicha
lililofungwa kwa uzi wa katani,
bila barua, mizizi na udongo wake.
Udongo umedondoka mezani.
Mhudumu kaja na kitambaa.
Nimemwambia aanze na meza nyingine.