Inchi Arobaini na Mbili

Jumatatu mchungaji alinipigia simu.
Majoho ya kwaya, akasema, yaongezwe upana,
yashuke toka begani kama pazia,
"kiuno kisisomeke."
Kana kwamba kiuno ni gazeti
na wazee wa kanisa hawakuzaliwa na kope.

Kanisa letu lilikuwa ghala la mazulia,
hapa Handsworth, nyuma ya kituo cha mafuta.
Hadi leo mvua ikinyesha sakafu inanuka sufu.
Mlangoni kuna kikapu cha vitambaa vya zambarau:
dada akikaa, sketi ikipanda juu ya goti,
mhudumu humjia na kimoja, humfunika
taratibu, kama mtu afunikaye chungu
nzi wasiingie.
Nzi hawaambiwi kitu.

Jumatano, simu nyingine. Kijana wa video,
anaongea huku anatafuna.
Wachezaji watano, weusi wote, akasisitiza,
nguo ibane, ikate hapa, ikate pale,
"si unajua tena, dada, watu wanachotaka."
Sijui tena. Nina pini mdomoni,
siwezi kujibu bila kujichoma.

Basi akaja Merline.
Jumapili anaimba sauti ya pili,
siku za kazi anachora ramani za mabomba ya maji
katika ofisi moja kando ya mfereji.
Alikuja kupimwa joho.
Na ile video? Ni yeye pia. Kodi imepanda, akasema,
akainua mikono nimzungushie futi.

Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini.
Nyonga arobaini na mbili.
Nikaandika ukurasa wa kushoto.
Kwa kazi ya pili, ukurasa wa kulia,
nikapima upya, maana fundi hapimi kwa kumbukumbu.
Arobaini na mbili.
Hazikuzidi kwa dhambi. Hazikupungua kwa sala.

Merline akacheka. "Ulitegemea nini?"

Akanisimulia, pini zangu kiganjani mwake,
jinsi Bi Hyacinth alivyomvuta kando, ana miaka kumi na mmoja,
akamwambia amekua mapema, ajichunge,
naye alikuwa amekwenda kumwonyesha jino lililong'oka.
Jinsi mvulana wa chuo alivyomsifu,
"wanawake kama nyinyi mna moto,"
usiku huo ana mafua, amevaa soksi juu ya soksi.
Jinsi Yezebeli alivyotajwa mara tisa katika mahubiri mamoja
na kila mara macho ya mhubiri yakatua safu ya tatu,
alikokaa yeye.
"Nikarudi nyumbani nikasoma hadithi yote.
Alipaka wanja, akatupwa dirishani.
Habari za nyonga hazimo."

Nilitaka kucheka naye. Sikuweza.
Nilikumbuka gauni lake la ubatizo.
Hakuna aliyeniagiza: nilishusha pindo inchi mbili
kwa mkono wangu huu, usiku, redio ikinong'ona,
nikajiambia nimemsitiri mtoto wa watu.
Na mimi nimefundwa!
Somo yangu alisema mwili ni nyumba yenye mwenyewe,
mgeni hupiga hodi.
Mimi niliingia na mkasi.

Nikamwambia.

Akanyamaza. Basi la sabini na nne likapita,
vioo vya duka vikatetemeka.
Akachomeka pini moja moja kwenye mto wake,
polepole, mpaka kiganja kikawa kitupu.
"Nilijua," akasema. "Lilikuwa linanikwaza ngazini."

Kisha: "Nishonee gauni la tatu.
Si la kwaya, si la kamera.
La kuendea sokoni Jumamosi, kununua ndizi.
Liwe na mifuko. Mirefu, mkono uzame wote."
"Na nyonga?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake
na anayemjua tangu utotoni.

Majoho nimeyashona, sikuyaongeza upana.
Mchungaji bado hajapiga.
Kijana wa video nimemrudishia pesa yake;
Merline atacheza au hatacheza, hilo ni lake.
Na kitambaa kimoja cha zambarau
nilikichukua kikapuni, sikuomba ruhusa:
ndicho nilichokatia mifuko.