Usichomoe

Kemi, Januari. Saa nane mchana, giza limeshaingia.
Nimeshuka treni ya kutoka Oulu, nimekung'uta theluji viatuni,
na kabla ya salamu baba ananionya:
"Angalia waya. Usiukanyage."

Juu ya soketi amebandika kipande cha boksi,
herufi kubwa za fundi mstaafu wa kiwanda cha karatasi:
USICHOMOE.
Chini yake, kwa kalamu nyingine, siku nyingine:
Hata wewe, Tauno.

Kompyuta ni ile ya mwaka nilioolewa,
kijivu, nzito, inakoroma kama mgeni aliyeshiba.
Kwenye skrini, mchezo wa mama:
reli alizozijenga kwa miaka kumi na miwili,
baada ya kuosha vyombo, kabla ya taarifa ya habari,
stesheni akizipa majina ya dada zake,
Sylvi, Aune, Lahja.
Mabehewa ya mbao, mabehewa ya maziwa,
na moja tupu, la kijani, sijui la nini.

Aliununua. Stakabadhi ninayo mkononi:
yuro kumi na nne na senti tisini,
imechapishwa, imetobolewa, imetiwa failini
baina ya bima ya gari na cheti cha chanjo ya mbwa.
Mali bila daftari hupotea bila habari, tuliambiwa.
Mali ya Irja ilikuwa na daftari,
ikapotea vilevile, tena kwa habari:
barua pepe tatu zenye adabu,
mbili zikimwita kwa jina miezi minne baada ya mazishi.
"Mpendwa Irja, mfumo wa kompyuta yako umepitwa na wakati.
Kuanzia tarehe mosi duka letu halitafunguka humo."

Mimi nilidhani duka ni mahali unapotoka.
Unalipa, unafungiwa, kengele ya mlango inalia nyuma yako,
kitu ni chako hata duka likiungua usiku huo.
Hili lilitufuata nyumbani, likaketi mlangoni mwa mchezo,
na kila jioni mama akalipigia hodi
ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nilipiga simu. Kijana mpole akanieleza
kwamba hakununua mchezo, alinunua ruhusa.
Akasema anaelewa hisia zangu.
Akasema nunueni kompyuta mpya.
Tukanunua. Mchezo ukafunguka, unang'aa,
uwanda wa nyasi, hakuna hata taruma moja la reli:
faili la zamani halisomeki.
"Karibu, mchezaji mpya," iliandika.
Baba akaizima, akairudisha kwenye boksi, akalifunga kwa gundi.

Sasa sikiliza alichofanya huyu mtu
asiyejua hata kubadili nenosiri.
Usiku wa tarehe thelathini na moja,
watu wakirusha fataki juu ya ghuba iliyoganda,
aliufungua mchezo saa tano na robo,
akachomoa waya wa intaneti,
akakaa.
Saa sita ikapita. Mlango ulikuwa wazi tayari,
na aliye ndani hakuulizwa yeye nani.
Hajaizima tangu hapo. Huu mwaka wa pili.

"Na umeme ukikatika?"
Anainua kitambaa cha meza: betri ya trekta,
nyaya amezisokota mwenyewe.
"Dakika arobaini. Nimepima."
Na zikipita arobaini?
Anaenda kuteleka kahawa.

Hachezi. Hajui kucheza.
Hufuta vumbi, husukuma kipanya kidogo skrini isilale.
Mimi nimekaa kwenye kiti cha mama, natazama
treni ikitoka Sylvi, ikipita Aune,
ikiburuta lile behewa tupu la kijani
mpaka Lahja, inasimama, hapandi mtu,
inapiga honi.

Jikoni baba amenipa mgongo,
macho kwenye saa ya ukutani.
"Imechelewa," anasema. "Jana pia."