Vitofali Nilivyovipanga Mwenyewe

Nilipiga magoti mwezi mzima na siku tisa,
kutoka kona ya duka la dawa hadi geti la shule,
nyundo ya mpira mkononi, uzi wa bluu umevutwa,
kitofali juu ya mchanga: gonga, sogeza, gonga.
Magoti yangu yanaijua Mtwara kuliko macho.

Upana, hatua tatu za mtu mzima.
Mhandisi alisema, "Wapishane wawili wenye mizigo."
Nikamwelewa. Nikamfikiria Somoe Nangomwa
na beseni lake la ming'oko kichwani
akipishana na mwenzake mwenye ndoo ya mabibo,
wakijuliana hali bila kugeuza shingo.
Nikapitisha vitofali vyekundu katikati, mstari mmoja,
urembo tu. Hakuna aliyenituma.

Sikujua kuwa natandika kitanda cha magari.

Mnada wa kwanza wa korosho ukapita, wa pili ukapita.
Zikaja Noah, zikaja Harrier, Prado la mtu wa maghala,
Fuso lililoandikwa MAMA ALISEMA
likipanda ukingo kama ng'ombe aliyeona mahindi,
tairi mbili juu, mbili chini,
halafu zote juu, maana nani atauliza?
Oili ikadondokea mstari wangu mwekundu.
Vitofali vikaanza kucheza kama meno ya mzee.

Walisema mwenda pole hajikwai.
Waliosema hawakukutana na kioo cha ubavuni
kilichokaa sawasawa na sikio la mtoto wa darasa la pili.

Siku hizi mwenda kwa miguu ateremke barabarani,
ageuke nyuma, apishe bajaji, apishe bodaboda,
apishe na vumbi la lori la makaa,
apande tena, ashuke tena,
kama sindano inayoshona ubavu wa mji.
Mzee Likwilile, mwenye mguu wa bandia, hashoni.
Anasimama. Anamsubiri mwenye gari amalize supu.

Mtu anapigiwa honi kwa kosa la kuwa na miguu.

Jumamosi shemeji yangu Nandonde alinipa lifti.
Gari jipya, viti bado vina nailoni.
Mbele ya benki nikahisi pua ya gari ikiinuka,
kisha chini yetu: ko, ko.
Naijua sauti hiyo. Ni kitofali kilichokimbiwa na mchanga.
"Dakika mbili tu," akasema, akaingia ndani.
Kiyoyozi kikanipuliza usoni. Nikatulia.
Nisidanganye: nilitulia vizuri.

Katika kioo cha mbele nikamwona Somoe anakuja,
beseni kichwani, mkono mmoja juu.
Alipofika penye taa za gari akasimama.
Hakutukana. Alinitazama
kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake
una kufuli la mtu mwingine.
Kisha akashusha mguu barabarani, vidole kwanza,
kama unavyopima maji ya kuoga.

Nikatoka. Ningesema nini?
Nilisimama kwenye lami, mkono nimeunyoosha,
bajaji ikafoka, lori likapunguza,
naye akapita nyuma ya mgongo wangu.
"Hivi si wewe uliyevipanga?"
Nikasema ni mimi.
"Ulipanga vizuri," akasema, shingo haigeuki. "Ulimpangia nani?"
Hakungoja jibu. Ming'oko ilikuwa bado ya moto.

Shemeji alirudi akanikuta nimechuchumaa,
nachungulia chini ya gari lake.
"Linavuja?"
"Sogeza," nikasema. "Kuna kitofali kimetoka."
Akacheka, akaangalia saa, akasogeza
nusu ya alivyopaswa.

Nikakigonga kwa kisigino mpaka kikakaa.
Kilikuwa kimoja cha vile vyekundu.